Masafa Yakiongezeka, Masafa Hupungua: Kiswahili na Elimu ya Mawimbi ya Redio

Kila uchao, msikilizaji wa redio nchini Kenya huarifiwa kwamba kituo chake kinapatikana katika masafa kadha wa kadha ya FM. Neno hilo limezoeleka mno kiasi kwamba hakuna anayelitilia shaka. Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa masafa ya kituo fulani, atataja nambari bila kusita. Mwanafunzi huyo huyo akiulizwa masafa yaliyopo baina ya Lamu na Mombasa, atataja kilomita. Majibu yote mawili hukubalika, na maadamu mazungumzo ni ya sebuleni, hakuna madhara. Mushkili huanza darasani. Katika elimu ya mawimbi, mambo hayo mawili, yaani idadi na umbali, hukutana katika kanuni moja, tena hukutana kama sahani mbili za mizani: moja ikipanda, nyingine hushuka. Mwalimu anayekusudia kuieleza kanuni hiyo kwa Kiswahili cha redio atajikuta akitamka sentensi ya ajabu: masafa yakiongezeka, masafa hupungua.

Sentensi hiyo ina ukweli wote wa kanuni na haina hata chembe ya maana. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro hiyo haikutokana na uchanga wa Kiswahili, kama wanavyodai wakereketwa wa Kiingereza, wala haitaondolewa kwa kuongeza maneno mapya kapuni. Imetokana na mazoea ya kuliunda neno kabla ya kulielewa jambo. Na wanaostahili kulaumiwa kwanza si wahandisi. Ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao ndio wenye ujuzi wa kuipima sitiari na kuona inapovunjikia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Wimbi la redio husafiri angani kwa mwendo wa takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Idadi ya mara ambazo wimbi hupanda na kushuka katika sekunde moja hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele kinachofuata hupimwa kwa mita. Ukizidisha idadi hiyo kwa umbali huo, unapata mwendo wa wimbi, na mwendo haubadiliki. Kwa hiyo wimbi la megahezi 1, yaani mipando milioni moja kwa sekunde, lina urefu wa mita 300. Wimbi la megahezi 100, lililo katikati ya mkanda wa FM, lina urefu wa mita 3 tu. Wimbi la simu ya mkononi la megahezi 900 halifiki hata urefu wa mkono wa mtu mzima. Ni sentimita 33 hivi.

Mchanganyiko wa neno masafa una historia inayoeleweka. Redio za zamani, zile zilizowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufumwa, ziliandikwa mikanda yake kwa mita: 49, 31, 25, 19. Mtu alipokuwa akitafuta matangazo ya ng'ambo usiku, aliisogeza sindano juu ya nambari za umbali. Kuita mikanda hiyo masafa mafupi au masafa ya kati kulikuwa sawa kabisa, kwa sababu kilichopimwa kilikuwa urefu. Vituo vya FM vilipotapakaa nchini tangu miaka ya 1990, kipimo kiligeuka kikawa cha megahezi, lakini neno halikugeuka. Likabaki pale pale, likiita idadi kwa jina la umbali. Matokeo yake ni kwamba masafa mafupi ya jana ndiyo masafa ya juu ya leo. Mtu asiyejua fizikia atadhani hizo ni redio mbili tofauti.

Hapa inafaa kumkumbuka aliyekopesha. Kiswahili kililichukua neno masafa kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu neno hilo lingali na maana yake ya umbali. Jambo linaloitwa masafa katika redio za Kenya, Waarabu huliita taraddud, neno lenye maana ya kwenda na kurudi, hata kusitasita. Mzizi wake ndio ule ule ambao kitenzi cha Kiswahili rudi hunasibishwa nao. Kwa maneno mengine, Kiswahili tayari kina ndugu wa neno linalohitajika: marudio. Baadhi ya waandishi wa sayansi wamelitumia tangu zamani. Ajabu ni kwamba redioni, mahali ambapo lingefaa zaidi, ndipo halikupokelewa.

Huenda msomaji akauliza: je, haya si mabishano ya wapenzi wa kamusi tu? Fundi ataweka waya wake na redio italia, liitwe jambo hilo masafa au maboga. La hasha. Kuna hatua moja katika elimu ya umeme ambapo mwanafunzi hawezi kupita pasipo kutenganisha idadi na umbali akilini mwake, na asipopita hapo haelewi tena kitu chochote kinachofuata.

Katika shule ya upili, mwanafunzi hufunzwa kwamba waya ni njia tu. Kinachoingia upande huu hutokea upande ule papo hapo, na mkondo ni ule ule kila mahali kwenye waya huo. Hiyo ndiyo dhana iliyo nyuma ya kanuni za Gustav Kirchhoff za mwaka 1845, na kwa umeme wa nyumbani dhana hiyo haina kasoro. Umeme wa Kenya hurudia mara 50 kwa sekunde. Urefu wa wimbi lake ni kilomita 6,000. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi, yenye kilomita 480 hivi, haifiki hata sehemu moja ya kumi na mbili ya wimbi hilo. Waya wa kutoka swichi hadi taa ni kama punje ya mchanga mbele yake, na ndiyo maana ncha zake mbili hupanda na kushuka pamoja.

Sasa umeme huohuo na uharakishwe hadi marudio ya megahezi 100. Wimbi limekuwa na mita 3. Ndani ya kebo ya plastiki ya kawaida ya antena, ambamo mwendo hupungua hadi thuluthi mbili hivi, limekuwa na mita 2. Katika kipande cha nusu mita, wimbi limekwisha kutembea robo ya safari yake: wakati volteji ya ncha moja imefika kileleni, ncha ya pili iko sifuri. Waya umeacha kuwa njia tu, umekuwa mahali ambapo jambo hutendeka. Wahandisi huwa na kadirio la haraka, kwamba waya ukizidi sehemu moja ya kumi ya urefu wa wimbi, basi kanuni za shuleni ziwekwe kando. Yatokeayo baada ya hapo humshangaza hata aliyebobea. Fundi akiziunganisha nyaya mbili za kebo hiyo upande wa mwisho, waya kwa waya, na kebo ina urefu wa robo ya wimbi, basi upande wa mwanzo itaonekana kana kwamba hazikuunganishwa kamwe. Akiziachanisha mwishoni, mwanzoni itaonekana zimegusana. Jambo hilo halihitaji kifaa chochote cha ziada. Linahitaji urefu tu, na urefu huo hubadilika kila marudio yanapobadilika.

Mwalimu na ajaribu kuieleza aya hiyo kwa kutumia neno masafa kwa yote mawili. Atakwama katika sentensi ya pili.

Cha kusikitisha ni kwamba lugha hii ilizaliwa ufukweni. Mtoto aliyekulia Lamu au Vanga ana fizikia ya mawimbi machoni pake kabla ya kujua kusoma. Ameona kifuu cha nazi kikielea: wimbi hupita chini yake, nacho hupanda na kushuka pale pale bila kusafiri nalo. Kwa hiyo anajua, ijapokuwa hajawahi kuambiwa, kwamba linalosafiri ni nguvu na si maji. Amesimama gatini akaona wimbi likigonga ukuta na kurudi, likakutana na linalokuja, na pakatokea mahali ambapo maji huruka maradufu na mahali pengine, hatua chache tu kando, yakatulia kama ya mtungini. Hilo la pili ndilo wahandisi wanalopima kwenye kebo kila siku. Ukuta wa gati una jina gani katika saketi? Na yale maji yaliyotulia baina ya misukosuko miwili?

Jibu la swali la kwanza ndilo lenye faida kubwa zaidi mtaani. Kila kebo ina uwiano wake wa kudumu kati ya volteji na mkondo wa wimbi linalopita ndani yake. Kebo ya runinga huwa na omu 75. Wimbi likifika mwisho na kukuta kifaa chenye uwiano uo huo, huingia lote, kama wimbi la bahari linalofifia kwenye mchanga wa taratibu. Likikuta uwiano tofauti, sehemu yake huakisiwa na kurudi lilikotoka. Hesabu yake ni ya kutoa, kujumlisha na kugawanya. Antena nyingi zilizo juu ya mapaa zina kile kijiti kilichokunjwa mithili ya kitanzi kirefu, na kijiti cha namna hiyo huwa na omu zinazokaribia 300. Fundi akikifunga moja kwa moja kwenye kebo ya omu 75, tofauti ni 225, jumla ni 375, na ukigawanya unapata 0.6. Kwa nguvu, hiyo ni 0.6 mara 0.6: asilimia 36 ya kile kilichonaswa na antena hakiingii katika kebo. Hupotea hivyo kwa kukosekana kijisanduku kidogo cha kulinganisha, ambacho ni waya uliozungushwa mara chache kwenye pete ya chuma maalumu. Mwenye nyumba humlipa fundi aongeze urefu wa mlingoti.

Katika enzi ya analogi hitilafu za namna hii zilionekana kwa macho. Wimbi lililoakisiwa, ama na kebo isiyolingana ama na mlima au jengo, lilichelewa kidogo na kuchora picha ya pili hafifu kando ya ile ya kwanza, kama kivuli. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, kivuli hicho kimetoweka. Picha ya dijitali ama huja safi ama hukwama na kumegeka vipande. Fundi amepoteza ishara iliyokuwa ikimfunza bila mwalimu. Hivi sasa anahitaji maelezo kuliko alivyoyahitaji zamani, na maelezo hayo yameandikwa kwa lugha ambayo huenda aliiacha darasa la nane.

Je, uwiano ule wa omu 75 uitweje? Hapa pana mtego wa pili. Wapo wanaopendekeza ukinzani, neno lililozoeleka kwa kitu kinachozuia mkondo na kugeuza nguvu kuwa joto. Lakini fundi akiambiwa kebo ina ukinzani wa omu 75, atachukua mita yake aupime. Atagusa waya wa katikati kwa ncha moja na wavu wa shaba kwa ncha nyingine, na mita haitaonyesha 75 wala chochote kinachokaribia, kwa kuwa nyaya hizo hazigusani. Atahitimisha kwamba mwandishi ni mwongo. Ilhali omu hizo hazizuii kitu wala hazichomi kitu. Ni namna tu ambavyo volteji na mkondo huandamana ndani ya wimbi. Bora kusema impidansi, kwa tahajia ya Kiswahili, na kuacha neno la kigeni limwonye msomaji kwamba hapa pana jambo jipya, kuliko kumpa neno la nyumbani linalompoteza. Hakuna aibu katika kukopa. Volteji, antena, kebo na saketi vimekopwa na vinatembea vizuri. Kwa urudi wa wimbi, kwa upande mwingine, hakuna haja ya kukopa tena: uakisi unatosha, kwani mwanafunzi amekwisha kulitumia kwa mwanga na kioo, na sheria ni zile zile.

Kipimo kizuri cha istilahi ni kuzipa kisa wakisimulie. Kati ya mwaka 1887 na 1888, huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alirusha mawimbi kwa cheche za umeme ndani ya ukumbi wa mihadhara, na ukutani akatundika bati kubwa la zinki. Wimbi lililokwenda lilikutana na lililoakisiwa. Hertz alitembea ukumbini akiwa na kitanzi cha waya chenye mwanya mwembamba. Mahali fulani cheche ndogo iliruka mwanyani. Akisogea mbele ilififia ikazimika. Akisogea tena ikarejea. Umbali baina ya kituo kimoja cha kuzimika na kinachofuata ulikuwa nusu ya urefu wa wimbi. Idadi ya marudio hakuweza kuihesabu kwa sikio wala kwa jicho, bali aliikokotoa kutokana na vipimo vya saketi iliyorusha. Akazizidisha mbili hizo, akapata ushahidi kwamba mawimbi hayo huenda kwa mwendo wa kiwango kile cha mwanga, kama alivyobashiri James Clerk Maxwell katika andiko lake la mwaka 1865. Kisa hiki kinasimulika kwa Kiswahili kwa aya moja, alimradi urefu wa wimbi, marudio na uakisi kila kimoja kiwe na jina lake. Mahali penye marudio na pawekwe masafa, na msomaji hatajua Hertz alizidisha nini kwa nini.

Wataalamu wa istilahi hawajalala, hilo ni sharti lisemwe. Runinga, neno linalonasibishwa na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, limeenea kiasi cha kutumiwa na watoto. Tarakilishi, rununu na kipakatalishi hutahiniwa shuleni, ingawa mitaani watu husema kompyuta, simu na laptopu bila kuomba radhi. Lakini yatazame maneno hayo yote: ni majina ya vyombo. Nguvu nyingi zimetumika kukibatiza kila chombo kitokacho ng'ambo, na kidogo mno zimetumika kuutaja mwenendo wa kitu kinachopita ndani yake. Mtu aweza kujaza daftari zima kwa majina ya vyombo vya mawasiliano na asiweze kueleza kwa nini kebo ya antena haikatwi na kuunganishwa ovyo kama waya wa taa. Chombo hakihitaji sana jina la Kiswahili, kwa sababu kinaonekana na kinaweza kunyooshewa kidole. Wimbi ndani ya kebo halionekani. Hilo ndilo linalohitaji lugha.

Upo upinzani wa haki. Wengine watasema kwamba Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini fizikia ya shule za upili nchini Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi hizi hazina darasa la kuzipokea. Ni kweli. Hata hivyo, karakana si chumba cha mtihani. Mafundi wa Gikomba na Kibuye hawajifunzi kazi kwa Kiingereza. Hufunzana kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, na yale ambayo Kiswahili hakina neno lake hufunzwa kwa kuonyeshwa tu, pasipo sababu kutajwa. Ndiyo maana kijisanduku kile cha kulinganisha huonekana kama pambo.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi, nao unalihusu neno marudio lenyewe. Redioni, marudio ni kipindi kilichorushwa jana na kinachorushwa tena leo. Mtangazaji akisema kituo chake kinasikika kwa marudio ya megahezi 100, nusu ya wasikilizaji watadhani hakina kipindi kipya. Pingamizi hilo halipuuziki. Darasani laweza kutatuliwa kwa kusema kima cha marudio, kwa kuwa huko ni idadi kwa sekunde inayotafutwa. Kwa mtangazaji, suluhisho ni jepesi zaidi na halihitaji kikao cha istilahi: aliache neno masafa kwa safari ya Lamu na Mombasa, na aseme tu kwamba kituo kiko kwenye megahezi 100.